Sura ya Tatu: Jiwe Lenye Jina la Mji

Katikati ya Athens, jirani na msingi wa jengo la mviringo liitwalo Tholos, wanaakiolojia wa Kimarekani waliokuwa wakichimba uwanja wa Agora walitoa ardhini vipande vitatu vya shaba nyeusi, ile shaba inayoyeyushwa pamoja na bati ili iwe ngumu. Kila kimoja kinaenea kiganjani. Cha kwanza kina uzito wa gramu 795, na usoni pake pamechomoza umbo la mfupa wa kifundo cha mguu wa mnyama, mfupa ambao Wagiriki waliurusha mchezoni kama dadu. Cha pili kina gramu 190 na umbo la ngao. Cha tatu kina gramu 126 na umbo la kobe. Vilimiminwa kwenye kalibu karibu mwaka 500 KK. Kila kimoja kiliandikwa jina la kipimo chake: stateri kwa kile kikubwa, robo kwa chenye ngao, sudusi kwa chenye kobe. Kisha yakaongezwa maneno mawili, dēmosion Athēnaiōn: mali ya umma wa Waathene.

Mawe ya mizani hayakuanzia Ugiriki. Misri na Mesopotamia zilikuwa zikipima kwa mawe zamani sana, na wafalme wa Mesopotamia walikwisha kuchonga majina yao juu ya mawe hayo miaka 1,500 hivi kabla ya vipande hivi vitatu. Basi tusivistaajabie kwa sababu vina maandishi. Tutazame aliyetajwa. Mwaka 510 KK Waathene walikuwa wamemfukuza Hippias, mtawala wa mabavu aliyerithi madaraka kwa baba yake. Miaka miwili mitatu baadaye Kleisthenes aliupanga mji upya, akawagawa raia katika makabila 10 mapya, na mambo mengi ya mji yakaingia mikononi mwa baraza na mkutano wa raia. Mawe yetu yalitengenezwa katika kizazi hicho hicho. Hayana jina la mfalme wala la tajiri. Mwenye mali anayetajwa ni watu wenyewe, na mahali walipochagua kuliandika jina lao ni pale anaponunuliwa samaki na kupimwa sufu. Kwangu mimi, hii ni moja ya hati nzito kabisa zilizobaki za siku za mwanzo za demokrasia ile, nzito kuliko hotuba nyingi zinazosifiwa vitabuni.

Mizani yenyewe haina elimu. Ufito unaoning'inia katikati, sahani mbili kwa kamba, na kazi yake ni moja tu: kulinganisha kilicho kushoto na kilicho kulia. Elimu yote imo ndani ya jiwe. Anayemiliki jiwe ndiye anayeamua mina, kipimo cha uzito cha Wagiriki, ni kiasi gani, na mchuuzi mwenye mawe mawili, jepesi la kuuzia na zito la kununulia, anaweza kumwibia kila mtu mchana kweupe huku ufito ukisimama sawasawa mbele ya macho yao. Ujanja huu ni wa kale kiasi kwamba Torati inaukataza waziwazi, na Kurani ina sura yenye jina la wapunjao. Wagiriki nao waliujua. Walichokifanya ni kumnyang'anya mchuuzi neno la mwisho: jiwe lako uwe nalo, lakini lipo jingine, la umma, na lako litalinganishwa nalo.

Ndiyo maana shaba nyeusi. Mawe mengi ya kawaida ya sokoni yaliyofukuliwa Athens ni ya risasi, kwa kuwa risasi ni rahisi kupatikana na huyeyuka kwa moto mdogo. Lakini risasi ni laini. Kisu huikwangua, nyundo huibonyeza, na mikono ya kila siku huila polepole. Shaba nyeusi ni ngumu, na inapozeeka huvaa ngozi ya kijani au kahawia, hivyo anayeikwangua huacha alama inayong'aa. Mji uliotaka kipimo mama, cha kulinganishia vingine, ulikuwa na sababu nzuri ya kulipia shaba.

Hata hivyo tusidanganyike kwa uzuri wake. Ukiigawa stateri ya gramu 795 kwa nne, robo inatakiwa iwe gramu 199 hivi. Iliyofukuliwa ina gramu 190. Sudusi ingekuwa gramu 132 na ushee, nayo ina 126. Karne 25 chini ya udongo huila metali, kwa hiyo hatuwezi kuwatupia lawama waliozitengeneza. Lakini pia inafaa kukumbuka kwamba kosa la asilimia nne au tano halikumtisha mnunuzi wa zeituni kama lingemtisha mpima dhahabu. Soko lina usahihi wake, na usahihi huo huamuliwa na bei ya kitu kinachopimwa.

Zile picha zilikuwa na kazi yake. Wachuuzi, wachungaji na watumwa waliotumwa sokoni hawakuwa wote wasomaji, na waliojua kusoma hawakuwa na muda wa kuinama juu ya herufi ndogo. Picha ilisomwa kwa kutupia jicho, hata kwa kupapasa. Mawe ya risasi ya karne zilizofuata yanatuonyesha msamiati mzima: mfupa wa kifundo kwa stateri, pomboo kwa mina, mtungi wenye vipini viwili kwa thuluthi, kobe kwa robo, nusu mtungi kwa sudusi, nusu kobe kwa thumuni. Mpangilio huu wa kukata picha katikati ili kuonyesha nusu ya kipimo unanifurahisha kila ninapoutazama, maana ni hesabu ambayo hata mtoto angeielewa bila mwalimu. Angalia pia kwamba kobe, aliyekuwa sudusi mwaka 500 KK, baadaye amekuwa robo. Alama zilibadilishwa na watu waliokaa wakakubaliana, na aliyeingia sokoni ilimpasa kuzijua kama zilivyo siku hiyo.

Waliosimamia mambo haya tunawajua kwa vyeo, kwa msaada wa kitabu cha katiba ya Waathene kilichoandikwa katika shule ya Aristoteles, karne ya 4 KK, ambacho kilipotea kwa mamia ya miaka hadi nakala yake ya mafunjo kutoka Misri ilipochapishwa mwaka 1891. Kitabu hicho kinasema walikuwako wasimamizi wa soko 10, watano wa mjini na watano wa bandari ya Piraeus, na wasimamizi wa vipimo 10, nao wamegawanywa vivyo hivyo. Kulikuwa pia na walinzi wa nafaka, waliohakikisha kwamba msagaji anauza unga kwa bei inayolingana na ya shayiri aliyonunua, na mwokaji anauza mkate wenye uzito uliopangwa. Wote hawa walipatikana kwa kura ya bahati nasibu, kwa mwaka mmoja. Raia wa kawaida, pengine mfinyanzi au mkulima, aliamka akajikuta msimamizi wa vipimo, na mwaka ukiisha alitoa hesabu ya kazi yake mbele ya mji. Mtu wa namna hiyo hakuweza kutegemea utaalamu. Alitegemea jiwe la shaba lililokuwa likimngojea alipoingia kazini, lile lile alilolikuta mwenzake wa mwaka jana.

Kwa maelezo ya kina zaidi kuhusu utunzaji wa mawe hayo inabidi tusubiri hadi mwishoni mwa karne ya 2 KK, wakati Waathene walipopitisha azimio refu juu ya vipimo na uzito na kulichonga katika mawe. Sijui hati nyingine ya kale inayoingia sokoni kwa undani kama hii, na tutakaa nayo kidogo.

Azimio linaanza na ukweli ambao mchuuzi yeyote angekubali: mina ya sokoni si mina ya fedha. Mina ya sarafu ilikuwa drakma 100. Mina ya biashara, azimio linasema, iwe na uzito wa drakma 138, kwa kulinganishwa na mawe yaliyomo katika karakana ya kufulia sarafu za mji. Tukiihesabu drakma ya wakati ule kuwa gramu 4.2 hivi, tunapata kama gramu 580. Kisha linakuja jambo ambalo kila aliyewahi kununua dagaa kwa fungu analijua: nyongeza. Muuzaji anapima, ufito unasimama sawa, halafu mnunuzi anasimama na kutazama hadi kitu kidogo kidondoke juu. Waathene waliichukua nyongeza hiyo kutoka kwenye hisani ya muuzaji na kuifanya sheria. Kwa kila mina, drakma 12 ziongezwe, ili ufito ukiwa sawa mnunuzi awe amepata uzito wa drakma 150. Anayenunua mina tano aongezewe mina moja nzima. Anayenunua talanta, yaani mina 60, aongezewe tano. Mnunuzi wa mina tano ndiye aliyefaidi kuliko wote, maana nyongeza yake ni moja ya tano, ilhali wengine hawakufika hata moja ya kumi.

Halafu zinakuja lozi, njugu na chestinati, ambazo hazikupimwa kwa mizani bali kwa chombo. Hapa watunga azimio wanashuka hadi vidoleni: chombo kiwe na kina cha vidole vitano, ukingo wake uwe na upana wa kidole kimoja, na kijazwe hadi kifanye kichuguu. Upana wa ukingo una maana yake, kwa sababu kichuguu husimama juu ya ukingo, na mwenye chombo chembamba chenye mdomo finyu angeweza kukijaza hadi juu na bado akapunja. Atakayekutwa anauzia chombo kidogo kuliko hicho, bidhaa iliyomo inadiwe papo hapo, fedha ziingie katika benki ya umma, na chombo kivunjwe. Niliposoma kifungu hiki kwa mara ya kwanza niliwaona wazi wazee wa mji wamekaa, na katikati yao mtu mmoja aliyewahi kupunjwa lozi anaeleza kwa mikono namna alivyofanyiwa.

Mawe mama na vyombo mama viliwekwa mahali patatu. Mjini viliwekwa katika Tholos, lile jengo la mviringo lililokuwapo tangu karibu mwaka 470 KK, ambamo wajumbe 50 wa zamu wa baraza walikula chakula chao na baadhi yao walilala ili mji usikose mtu wa kujibu usiku. Piraeus ilikuwa na seti yake, na Eleusis ilikuwa na yake chini ya kuhani wa mahali pale. Kila mahali alikuwapo mtunzaji. Kazi yake ilikuwa kutoa nakala za kulinganishia kwa maofisa na kwa yeyote aliyehitaji. Hakuruhusiwa kubadili kitu wala kutoa nje ya jengo chochote isipokuwa hizo nakala za risasi na za shaba. Akimaliza zamu alimkabidhi mwenzake kwa orodha iliyoandikwa, na hati za makabidhiano ziliwekwa katika hifadhi ya nyaraka za mji. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Waathene walilijua hilo vizuri.

Mtunzaji wa Tholos, na mwenzake wa bandarini, alikuwa mtumwa. Alikuwa mtumwa wa umma, mali ya mji kama yalivyokuwa mali ya mji yale mawe aliyoyatunza. Akikosea, azimio linawaagiza wajumbe wa zamu pamoja na jemadari wampige mijeledi na kumwadhibu kadiri ya kosa. Hali ilikuwa hivyo tangu zamani. Sheria ya mwaka 375/374 KK, iliyopatikana katika Agora mwaka 1970, inamweka mtumwa wa umma akae kati ya meza za wabadili fedha kukagua sarafu za fedha, azikate zile zilizo na shaba au risasi ndani yake, na asipokaa mahali pake apigwe mijeledi 50. Raia aliyepata cheo kwa kura alikuja na kuondoka kila mwaka. Aliyejua kwa mikono yake lipi ni jiwe halali na lipi limekwanguliwa, aliyekuwapo mwaka hadi mwaka, alikuwa mtu asiye na haki ya kupiga kura. Siwezi kuyatazama maneno ‘mali ya umma’ juu ya shaba ile bila kumfikiria yeye, ambaye umma ulimhesabu pamoja na vitu vyake.

Raia na wageni waliocheza na vipimo nao hawakuachwa. Azimio linaliagiza Baraza la Areopagos, lile la wazee wa heshima, liwashughulikie wanaohujumu mawe yaliyomo katika maeneo hayo matatu kwa mujibu wa sheria ya wahalifu, si kama watu waliofanya kosa dogo la sokoni.

Huko Olympia mwenye mawe hakuwa mji. Wachimbaji wa Kijerumani, waliofika pale mwaka 1875, walipata mamia ya mawe ya mizani ya shaba, mengi yakiwa na neno moja: Dios, ‘ya Zeus’. Olympia haikuwa mji wa kuishi watu. Ilikuwa mahali patakatifu, na kila mwaka wa nne maelfu ya watu walimiminika pale kwa ajili ya michezo, wakitoka kila pembe ya ulimwengu wa Kigiriki, kila mmoja na sarafu za kwao na mazoea ya kwao ya kupima. Mtu wa Sirakusa aliponunua nyama kwa mtu wa Elis, waelewane kwa kipimo cha nani? Jiwe lenye jina la Zeus lilijibu swali hilo, kwani hapakuwa na mji wa kulionea wivu. Patakatifu palipokea pia sadaka nyingi za metali, na sadaka hazipokelewi bila kupimwa.

Na pale ambapo mji mmoja ulitaka kipimo chake kitawale miji mingine, mawe ya mizani yaligeuka kuwa siasa. Katika karne ya 5 KK, Athens ilipokuwa inatoza kodi miji ya visiwa na pwani za Aegean, mkutano wake ulipitisha amri kwamba miji hiyo itumie sarafu, uzito na vipimo vya Athens, na kwamba nakala ya amri isimamishwe katika soko la kila mji. Vipande vya nakala hizo vimepatikana mbali, Kos, Siphnos na Aphytis kati ya sehemu nyingine. Aristophanes aliitania amri hiyo jukwaani mwaka 414 KK katika tamthilia ya Ndege: mji mpya wa ndege haujamalizika kujengwa angani, na tayari amefika mtu anayeuza maazimio, akiwataka watumie vipimo na uzito kama wengine. Anafukuzwa. Naamini watazamaji walicheka kwa sababu walimtambua mtu huyo. Kwa mfanyabiashara aliyesafiri, kipimo kimoja kila bandari kilikuwa nafuu kubwa. Kwa mji uliokuwa na mawe yake yenye alama yake tangu mababu, kuyaweka kando kulikuwa kukiri kwamba soko lake sasa lina mwenyewe mwingine.

Mawe hayo yaliweza kusafiri hata kwa nguvu. Mwaka 1901 Wafaransa waliokuwa wakichimba Susa, mji wa kifalme wa Waajemi ulioko Iran ya leo, walikuta mfupa wa kifundo wa shaba wenye vipini na uzito wa kilo 93 hivi. Umbo lake ni lile lile lililo juu ya stateri ya Athens, ila huu watu wawili wangeuinua kwa shida. Maandishi yake ni ya Kigiriki, yamechongwa kwa mtindo wa zamani wa mstari kwenda kulia na unaofuata kurudi kushoto, nayo yanasema kwamba Aristolochos na Thrason walimtolea Apollo vitu hivi kuwa zaka. Mfupa huo uliundwa karne ya 6 KK, na hekalu la Apollo lililoupokea linadhaniwa kuwa la Didyma, karibu na Miletos. Waajemi waliiteka Miletos na kuliteketeza hekalu hilo mwaka 494 KK, na mzigo wa ushindi ukabebwa mashariki. Leo upo katika makumbusho ya Louvre. Tukiutazama kama jiwe la mizani lililogeuzwa sadaka au kama sadaka iliyopewa sura ya jiwe la mizani, bado unatueleza kwamba umbo hilo lilikuwa na heshima ya kutosha kupelekwa mbele ya mungu.

Mwingine aliyevuka mpaka ni simba wa shaba wa Abydos, kwenye mlangobahari wa Dardanelles, ambaye sasa yuko British Museum. Amelala, ana uzito wa zaidi ya kilo 31, na maandishi yake si ya Kigiriki bali ya Kiaramu, lugha ya ofisi za dola ya Uajemi. Yanasema amethibitishwa mbele ya wasimamizi wa fedha. Mfanyabiashara Mgiriki aliyepima mzigo wake Abydos katika karne ya 5 KK aliweza kukutana na simba huyo, na wiki chache baadaye, akishuka Piraeus, akakutana na jiwe la umma wa Waathene. Alilazimika kuzijua dunia zote mbili na kufanya hesabu ya kutoka moja kwenda nyingine kichwani mwake.

Aleksanda alipoiangusha dola ya Uajemi, wafalme wa nasaba ya Seleukos waliirithi Siria na nchi za jirani, na miji yake ikaanza kutoa mawe ya mizani kwa mtindo wa Kigiriki. Mengi ni ya risasi, bapa na ya mraba, yenye nanga au tembo, alama za nasaba hiyo. Umma kwa jumla hautajwi tena peke yake kama ilivyokuwa Athens mwaka 500 KK. Juu ya mengi kati ya mawe hayo umeandikwa mwaka, kwa hesabu ya Waseleukos iliyoanza 312 KK, na jina la msimamizi wa soko aliyekuwa kazini. Mnunuzi aliyepunjwa alisomewa jina la mtu wa kwenda kumlalamikia, na mwaka ambao mtu huyo atatakiwa kuutolea maelezo.